Maswali ya Wasomaji: Mfarishi wa Mwanachuo, na Siku Moja Jinja

Barua zote za mwezi huu, isipokuwa moja, zinauliza juu ya mfarishi wa viraka, yaani tandiko la kitanda lenye matabaka matatu (uso wa viraka, kitu laini katikati, na mgongo), wa kumpa kijana anayekwenda chuo. Ile moja inauliza juu ya safari ya familia, nayo ikaishia kwenye mfarishi vilevile. Maswali tumeyafupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale penye vipimo, maana kazi hii huharibikia hapo.

SWALI: Mtoto wa dada yangu amepata nafasi chuo kikuu cha Mbarara, ataripoti mwezi wa 8. Nina cherehani ya kukanyaga na furushi la vitenge. Mfarishi uwe mkubwa kiasi gani, na kitambaa kiasi gani kitatosha?
Mama mdogo, Busia

JIBU: Kwanza mkasi uwekwe chini. Kipimo cha mfarishi hutoka kwenye godoro, hakitoki kwenye furushi. Hosteli nyingi zina vitanda vya ghorofa vya futi 3 kwa 6, na zile zilizobana zina vya futi 2 na nusu. Mwambie kijana aulize mapema. Ukikosa jibu, shona inchi 60 kwa 84. Kwenye godoro la futi 3 utaning'inia inchi 12 kila upande, na inchi 12 nyingine zitachomekwa miguuni. Usishawishike kushona mkubwa zaidi eti siku moja ataoa. Mfarishi wa kitanda cha wawili hauingii kwenye beseni la mwanafunzi, na usiofulika hugeuka mkeka wa kukalia wageni kabla muhula haujaisha.

Hesabu ni hii. Kata viraka vya mraba vya inchi 6 na nusu. Ukishona kwa mshono wa robo inchi kila upande, kiraka hubaki inchi 6 kamili. Viraka 10 kwa upana na 14 kwa urefu ni viraka 140. Kitenge cha kawaida kina upana wa inchi 44 hadi 46. Kikishafuliwa na kukatwa ule ukingo wenye maandishi ya kiwanda, hesabu 42 tu. Ukanda mmoja kutoka ukingo hadi ukingo utatoa viraka 6, na yadi moja itatoa kanda 5, yaani viraka 30. Kwa hiyo yadi 5 za vitambaa mchanganyiko zinatosha uso mzima na kubakiza viraka 10 vya akiba. Nguo kuukuu nazo zinafaa: mgongo wa shati la mtu mzima hutoa viraka 4 hadi 6. Mbele, penye vifungo na mfuko, usitegemee zaidi ya 2.

Upande wa chini ndio watu hununua pungufu. Unatakiwa kuuzidi uso kwa inchi 4 kila upande, kwa hiyo ni 68 kwa 92, na hakuna kitenge chenye upana huo. Nunua kipande kizima cha yadi 6, kifue, kisha kata mapande mawili ya urefu wa inchi 92. La kwanza liache na upana wake wote. La pili lipasue kwa urefu: inchi 27 uziunganishe na lile la kwanza, na inchi 15 zinazobaki usizitupe. Humo utakata kanda 4 za upana wa inchi 2 na nusu, kila moja na urefu wa inchi 92, nazo ndizo pindo lako. Mzunguko wa mfarishi ni inchi 288. Ukijumlisha maungio na kona utahitaji kama 305, na kanda hizo zinakupa 368. Asiyetaka mshono mgongoni aende soko la Owino, Kampala, kwenye mitumba, atafute shuka la pamba la kitanda kikubwa. Aliinue juani kwanza: penye mwanga unaopenya katikati pamechakaa, na patachanika kabla ya mahali pengine popote.

Fua kila kitu kabla ya kukata, hata kile kipya kabisa. Kitenge kipya hutoka dukani na wanga unaokifanya kikakamae, na pamba hunywea inchi moja hadi mbili kwa kila yadi. Ukishona kipya pamoja na kikuukuu bila kufua, kufua kwa kwanza kipya kitanywea, kikuukuu kitabaki kilivyo, na uso mzima utajikunja kama karatasi iliyolowa.

Halafu kagua lile furushi kwa kiberiti. Chomoa nyuzi chache kwenye kila kitambaa na uziunguze. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Vitenge vya poliesta vimejaa sokoni, na kwa rangi tu huwezi kuvitambua. Si haramu kuvitumia, ila visichanganywe na pamba: havistahimili pasi ya moto mmoja, na mshono baina yao hukunjamana.

Jipe wiki 8: moja ya kufua na kukata, mbili za kushona uso, moja ya kuunganisha matabaka, mbili za kufunga na kutia pindo. Mbili zinazosalia ni za misiba, wageni na sindano zilizokatika.

SWALI: Katikati niweke nini? Fundi wa sofa amenishauri sponji nyembamba. Kijana anakwenda Kabale.
Kaka mkubwa, Gulu

JIBU: Sponji, hapana. Hunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, haikauki kwa siku mbili, na kila sindano inapopita inaacha tundu linalopanuka mpaka sponji ikatike vipande. Sufi na pamba zilizochambuliwa, za kumimina, nazo ziache kwenye mito. Kufua mara mbili zote zitakuwa zimekusanyika kwenye kona moja.

Kitu rahisi na cha uhakika ni blanketi la flisi. Halichanuki kingo, halihami, na linavumilia kufungwa kwa nafasi ya inchi 6 bila kujikusanya. Blanketi moja la kitanda cha futi 4 au 5 kwa kawaida linatosha. Pima kabla ya kulipa, unahitaji angalau 64 kwa 88. La pili kwa ubora ni ile pamba ya poliesta ya shiti wanayotumia mafundi wa sofa chini ya kitambaa. Chagua nyembamba, isiyozidi nusu inchi, na uivute kwa vidole viwili: inayochomoka kwa urahisi itachomoka pia kupitia matundu ya sindano, na mfarishi utaota ndevu.

Unene hutegemea mji. Kampala usiku huwa nyuzi joto 16 hadi 18, hapo flisi nyepesi yatosha. Gulu na Arua wengi wangefurahia mfarishi usio na kitu katikati kabisa, uso na mgongo tu. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa kutetemeka, kwa hiyo huko weka flisi nzito. Usitie flisi mbili: cherehani ya nyumbani haitapitisha pindo kwenye unene huo, na hapo ndipo sindano hukatika.

SWALI: Nilikata mwenyewe viraka 140 vya inchi 6 na nusu, nikampelekea fundi aunganishe. Umerudi na upana wa inchi 56, na pembe za viraka hazikutani. Ameniibia viraka?
Ssenga, Mukono

JIBU: Vihesabu, Ssenga, utavikuta vyote. Fundi amefanya alichofundishwa. Mshonaji wa nguo huacha nusu inchi au zaidi ndani ya mshono ili gauni liweze kufunguliwa mwenye nguo akinenepa. Mfarishi haunenepi. Viraka 10 vya inchi 6 na nusu vina jumla ya inchi 65 na maungio 9. Mshono wa robo inchi unakula nusu inchi kwenye kila ungio, unabaki na 60 na nusu, na ile nusu ya mwisho inaliwa na pindo. Mshono wa nusu inchi unakula inchi nzima kila ungio: 65 kutoa 9 ni 56. Kipimo chako kinaeleza chenyewe kilichotokea.

Ukitaka kuendelea na fundi huyohuyo, usimwambie "robo inchi" tu ukaondoka. Chukua rula, pima robo inchi kutoka ncha ya sindano kwenda kulia, na ubandike pale juu ya bati la cherehani tabaka tatu nne za utepe wa gundi, ziwe kama ukuta mdogo. Kitambaa kitembee kikigusa ukuta huo. Kisha mjaribu. Kata vipande vitatu vya upana wa inchi 2 na nusu, vishonwe sambamba, vipigwe pasi. Cha katikati kikipimwa kiwe inchi 2 kamili. Kikipungua au kuzidi hata kwa unene wa uzi, sogeza utepe na urudie. Kosa la nusu robo ya robo halionekani kwa jicho, lakini likirudiwa mara 18 katika safu moja ni zaidi ya nusu inchi.

Pembe zisizokutana zina sababu nyingine, nayo ni pasi. Shona safu zote 14 za viraka 10 kwanza. Safu ya 1 ipige pasi mishono yote ikilalia kulia, ya 2 yote ikilalia kushoto, ya 3 kulia, na kuendelea. Unapounganisha safu mbili, uvimbe wa mshono mmoja utakutana na uvimbe wa mwingine kutoka upande wa pili, na vitakwama pamoja. Utausikia kwa ncha ya kidole gumba. Pale pale ndipo pa kutia pini. Mishono ikilalia upande mmoja yote, uvimbe unapanda juu ya uvimbe, cherehani inausukuma wa juu, na pembe zinaachana.

Na pasi ikandamizwe, isiburutwe. Kuburuta kunavuta kiraka mshazari na kinaacha kuwa mraba. Wenye pasi ya mkaa watikise majivu nje na kuifuta chini kwa kitambaa chenye unyevu kila wanapoongeza mkaa. Doa la jivu kwenye merikani nyeupe huwa halina msamaha.

Huu uliokwisha kushonwa wa inchi 56, tungekushauri usiufumue. Punguza mgongo na katikati uendane nao. Inchi 4 pungufu kwenye kitanda cha ghorofa hakuna atakayeziona.

SWALI: Naweza kutia ndani gomesi (lile vazi la heshima la wanawake) ya marehemu jaja (bibi), fulana za shule za mtoto, na kipande cha lubugo?
Mama wa mwanafunzi, Masaka

JIBU: Gomesi, ndiyo, kwa tahadhari. Nyingi ni za satini au hariri bandia: zinateleza na kuchanika kingo ukizitazama tu. Kata kiraka kikubwa, inchi 8 kila upande, bandika nyuma yake kwa pasi kile kitambaa chembamba chenye gundi ambacho mafundi huweka ndani ya kola, kisha ndipo ukate inchi 6 na nusu. Pasi iwe ya moto mdogo, na kitambaa kingine kiwe juu yake. Viraka hivyo viwekwe katikati ya mfarishi, mbali na kingo zinazoshikwa na kuvutwa kila siku.

Fulana nazo ni hivyohivyo, kwa sababu tofauti. Kitambaa chake kimefumwa kwa vitanzi na kinavutika, kwa hiyo bila ile gundi nyuma mraba wako utakuwa mstatili ukifika mwisho wa mshono. Maandishi ya mpira yaliyochapwa juu yasiguswe na pasi, yatabaki yamenata kwenye pasi. Shati la shule lililojaa saini za wenzake wa S6 (kidato cha sita), ambalo vijana wengi wanalo, karibu daima limeandikwa kwa kalamu ya kawaida. Wino ule utatawanyika majini. Kama unalipenda, zipitie zile saini kwa uzi kabla ya kulifua.

Lubugo, hapana. Gome la mti wa mutuba hupondwa mpaka likawa kitambaa, na ufundi huo wa Buganda umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu tangu 2008, lakini halikufumwa, na kufuliwa kila mwezi kwa sabuni litapasuka. Tena wazee wengi wanalijua lubugo kama nguo ya kuzikia. Kumtandikia kijana anayeanza maisha kutazua maneno ambayo huyahitaji. Mtengenezee mfuko wa vitabu au jalada la daftari.

Kuhusu rangi: chovya pembe ya kila kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, ikandamize kwa pasi juu ya kitambaa cheupe. Nyekundu na buluu ya kukoza ndizo huchuja. Kinachochuja kiloweke nusu saa, suuza, rudia mpaka maji yawe meupe. Kikichuja mara ya tano, kiache nje. Chumvi watu huisifu sana, lakini haifungi rangi iliyokwisha kuchapwa kiwandani.

SWALI: Tuko 14, kuanzia jaja wa miaka 78 hadi mtoto wa miaka 4. Tunataka kutoka Kampala kwenda Jinja na kurudi siku hiyohiyo, Jumamosi ya mwisho kabla binti hajaanza chuo. Mke wangu anataka kila mtu aandike jina lake kwa ajili ya mfarishi hukohuko. Tupange vipi?
Baba wa familia, Ntinda

JIBU: Badilisheni Jumamosi kwanza. Mkisaini wiki ya mwisho, majina yatabaki kwenye bahasha na binti ataondoka na ahadi. Nendeni wiki 6 kabla, hasa mwezi wa 7, ambapo mvua si nyingi. Siku ya kumpeleka chuoni iwe safari yake peke yake. Foleni ya kusajili na ya ufunguo wa chumba hula siku nzima, na jaja wa miaka 78 hana sababu ya kuiona.

Idadi yenu ni nzuri. Taksi (basi dogo) ya kawaida ina viti 14 vya abiria, na mfarishi wa viraka 10 kwa 14 una safu wima za viraka 14. Kila mmoja kiraka kimoja, safu moja ya familia kutoka kichwani hadi miguuni. Iwe ya pili au ya tatu kutoka ukingoni, isiwe ya kwanza: ukingo ndio huchakaa mapema.

Andaeni viraka 16 vya merikani au pamba nyeupe, viwili vikiwa vya akiba, vimefuliwa na kupigwa pasi, vya inchi 7 na nusu. Vitapunguzwa baadaye. Katikati ya kila kimoja choreni kwa penseli mraba wa inchi 5. Jina lisitoke nje ya hapo, la sivyo herufi ya mwisho itaingia kwenye mshono. Kila kiraka kibandikwe kwa utepe juu ya kipande cha msasa mlaini kilichogundishwa kwenye kadibodi. Msasa unashika kitambaa kisikimbie chini ya penseli. Nani asiyejua kuandika? Mtoto wa miaka 4 aweke kiganja, mkizungushie penseli, kitaenea. Jaja achore anachopenda, hata kama ni mstari tu.

Penseli, siyo kalamu. Majina yatadariziwa nyumbani juu ya mstari wa penseli kwa mshono wa kurudi nyuma, kwa nyuzi 2 kati ya zile 6 za uzi wa kudarizi, herufi zikiwa na urefu usiopungua nusu inchi. Jina moja huchukua kama saa moja. Kalamu za wino wa kudumu zipo, lakini mfarishi huu utasuguliwa kwa sabuni ya mche na siku moja mtu ataumwagia dawa ya kung'arisha nguo. Uzi utabaki. Mkiamua wino hata hivyo, andikeni, acheni saa 24, pigeni pasi kavu, kisha fueni kiraka cha akiba kwa nguvu na mwone.

Sasa barabara. Ni kilomita 80 hivi, lakini Jumamosi hesabuni saa 2 na nusu hadi 3 kwa sababu ya malori na msongamano wa Mukono. Ondokeni saa 12 asubuhi. Namawojjolo, mbele ya Mukono, ndiko kwa kuku wa vijiti na gonja (ndizi) za kuchoma. Msimame hapo wakati wa kurudi, si wa kwenda. Sababu si tumbo, ni vidole: mafuta ya kuku kwenye merikani hayaonekani siku hiyo, huonekana manjano baada ya pasi. Baada ya Lugazi mtapita msitu wa Mabira. Mkifika Nile, lile daraja la kuning'inia kwa nyaya lilifunguliwa 2018 na lina urefu wa mita 525; dereva asisimame juu yake. Karibu na hapo kuna bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa 1954, na kwenye bwawa simu za kupiga picha zibaki mfukoni, ni marufuku.

Bustani ya chanzo cha Nile iko upande wa mji wa Jinja. Mkishalipa kiingilio, chukueni risiti ya watu na ya gari, kisha tandikeni mikeka kivulini na mfanye kazi ya saini papo hapo, mikono ikiwa bado safi. Dakika 40 zinatosha. Viraka virudi kwenye bahasha ngumu na bahasha irudi garini. Hapo ndipo mashua, na baadaye chakula. Mashuani kila mtu avae jaketi la kuokolea, na la mtoto liwe la mtoto: mshike mabegani mwa jaketi, vuta juu. Likimpanda hadi masikioni, ni kubwa mno na litamvuka majini. Watoto wasichezee maji ya ukingoni, kichocho kipo katika ziwa hili.

Wadogo watauliza yako wapi maporomoko waliyosoma shuleni. Speke alifika hapa Julai 1862 na kuyaita Ripon. Yalizama maji yalipopandishwa na bwawa. Sanamu ya Gandhi iliyopo bustanini inatokana na sehemu ya majivu yake kumwagwa hapa 1948. Kwa jaja, benchi karibu na sanamu hiyo ni bora kuliko ngazi za kushukia mashua. Saa 9 alasiri muwe mmegeuza gari.

SWALI: Nikishona matabaka matatu pamoja, uso unasukumwa mbele na mgongo unajaa mikunjo. Cherehani ina kasoro gani?
Mama wa nyumbani, Mbale

JIBU: Haina kasoro. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, mguu wa juu unakizuia cha juu, na kwa matabaka matatu tofauti hiyo huonekana. Unaweza kulegeza skrubu ya kukandamiza mguu, kutia sindano namba 16 na kurefusha mshono hadi milimita 3 na nusu, na itapungua. Haitaisha.

Kwa mfarishi wa mwanafunzi sisi tungefunga kwa mafundo, na hatuoni kuwa ni njia ya wavivu. Tandaza mgongo sakafuni, uso wake wa ndani ukiwa juu, ubandike kingo kwa utepe ukiwa umenyooka bila kuvutwa. Weka flisi, kisha uso. Tia pini kubwa za kufungia katikati ya kila kiraka cha pili, ukianzia katikati ya mfarishi kwenda nje. Ukianzia pembeni hewa na mikunjo vitakutana katikati na havina pa kwenda. Kisha funga fundo kila pembe nne za viraka zinapokutana. Kwenye mfarishi wa 10 kwa 14 pembe hizo ni 117, kazi ya jioni tatu.

Uzi uwe wa pamba, ule mnene wa kufumia vitambaa vya meza. Sindano ishuke robo inchi upande mmoja wa pembe, ipande robo inchi upande wa pili. Fundo lenyewe: mkia wa kulia juu ya wa kushoto, kaza, kisha wa kushoto juu ya wa kulia, kaza. Ukirudia kulia juu ya kushoto mara mbili umefunga fundo bovu, litalegea ndani ya wiki. Acha mikia ya inchi moja. Mifupi zaidi hujichomoa wakati wa kufua.

Pindo mwisho. Kunja ule ukanda wa inchi 2 na nusu katikati kwa urefu, ushone kingo zake zilizo wazi kwenye ukingo wa uso. Ukifika kona, simama robo inchi kabla ya mwisho na ukate uzi. Kunjia ukanda juu, unyooke kutoka mfarishi kama mkono ulioinuliwa, kisha ushushe chini ulale juu ya upande unaofuata, mkunjo ukilingana na ukingo wa juu. Anza kushona kutoka kwenye ukingo huo. Ukigeuza nyuma, kona itajikunja yenyewe kwa mshazari. Usiuvute ukanda wakati wa kushona. Pindo lililovutwa hukaza ukingo mzima na mfarishi hukataa kulala.

SWALI: Nimemaliza. Nimwandikie nini binti juu ya kuufua?
Shangazi, Tororo

JIBU: Mfarishi huu mkavu una kama kilo 2, ukilowa unapita 5. Mwandikie aukanyage kwa miguu kwenye beseni kubwa, asiukamue kwa kuusokota. Auviringishe na kuukandamiza maji yatoke. Auanike juu ya kamba mbili, siyo moja, uzito ugawanyike na mafundo yasivutwe, rangi ziwe upande wa ndani.

Hosteli zina kunguni, na mishono ya viraka 140 ni nyumba nzuri kwao. Akiona dalili, nusu ndoo ya maji yaliyochemka na nusu ya maji ya bomba hutoa joto la kama nyuzi 60, ambalo kunguni na mayai yao hawalivumilii. Auloweke nusu saa. Asijaribu hivyo kama kuna viraka vya satini.

Kuuhifadhi kwenye mfuko wa plastiki msimu wa mvua ni kualika ukungu. Mshonee foronya ya mabaki ya kitenge auweke humo. Na amalizie kwa pasi pande zote mbili kila akiuanua, hata kama umeme ni wa kugombania, pasi ikandamizwe penye mishono na pindo, kwa sababu inzi wa maembe hutaga kwenye nguo zenye unyevu zilizo nje, na funza wake huingia kwenye ngozi ya anayeilalia.